Unataka Kutoa Damu Mombasa? Anza na Kidole

Kwenye kambi ya kutoa damu mimi hukaa meza ya tatu, yenye pamba, spiriti na mashine ndogo inayoenea kiganjani. Wachangiaji wenyewe huiita meza ya kidole. Hapo ndipo wengi hurudishwa. Mtu ametoka Mtongwe asubuhi, amevuka feri, amepanga foleni juani, kisha namba inatoka na anaambiwa leo haiwezekani. Wengi wao ni wanawake, na wengi huondoka hawajaelewa walichoambiwa. Nimewaandikia wao mwongozo huu, pamoja na wale ambao bado hawajatoka nyumbani, maana ile namba hupikwa jikoni wiki na miezi kabla ya kufika mezani kwangu.

Kinachopimwa ni hemoglobini, protini yenye madini ya chuma iliyomo ndani ya seli nyekundu. Ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni na ndiyo inayoipa damu rangi yake. Wahudumu wataiita HB. Hapa Kenya mchangiaji anatakiwa awe na angalau gramu 12.5 katika kila desilita ya damu, awe mwanamume au mwanamke.

Jambo moja ulishike mapema: kipimo hiki kinakulinda wewe. Magonjwa yanayoweza kumdhuru mgonjwa, yaani virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, hupimwa baadaye maabara, kwenye damu uliyokwisha kutoa. Kidole kina swali lake: ukimgawia mwenzio, wewe utabaki na nini?

Hatua ya kwanza: jikague kabla ya kupanda matatu

Umri uwe kati ya miaka 16 na 65. Uzito usipungue kilo 50, na hili hubishiwa sana, hasa na wasichana wembamba wenye afya zao. Ni suala la hesabu. Mtu mzima ana takriban mililita 70 za damu kwa kila kilo ya mwili, kwa hivyo mwenye kilo 50 ana kama lita tatu na nusu. Mfuko mmoja huchukua mililita 450, karibu asilimia 13 ya damu yake yote. Kuzidi hapo mwili haustahimili: presha hushuka, macho huingia kiza, mtu huanguka. Wala hatuwezi kukujazia nusu, kwa sababu dawa ya kuzuia damu isigande imeshatiwa mfukoni kwa kipimo cha mfuko mzima.

Kama ulishatoa damu, mwanamume asubiri miezi mitatu, mwanamke minne.

Ahirisha ikiwa una mimba au unanyonyesha, una homa, umemaliza antibiotiki chini ya wiki mbili zilizopita, umeng'olewa jino wiki hii, au umechorwa tatuu ndani ya mwaka mmoja. Hina na piko za harusi si tatuu. Njoo na mikono yako iliyopambwa. Hedhi nayo, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, si kizuizi ukiwa unajisikia mzima, ila ikiwa ni nzito useme, na nitarudi kwenye hilo. Ukiwa umeugua malaria hivi karibuni, njoo ukikumbuka tarehe uliyopona, wahudumu wakwambie usubiri mpaka lini.

Hatua ya pili: jikoni, mwezi mmoja kabla

Mwili hutengeneza hemoglobini kwa chuma, na chuma cha chakula ni cha namna mbili. Cha nyama nyekundu, maini, figo na samaki hufyonzwa kwa urahisi. Cha nafaka, kunde na mboga za majani hufyonzwa kidogo tu mpaka kisaidiwe. Jiko la Pwani limejaa hivi vya pili: mbaazi za nazi, kunde, pojo, mchicha. Ni vyakula vizuri. Kinachoviharibia kazi ni chai.

Fikiria staftahi ya kwetu, mahamri na mbaazi, na kikombe cha chai ya maziwa pembeni kinachomiminwa hata kabla sahani haijafika. Majani ya chai yana tanini, na tanini hukamata chuma tumboni kikapita bila kufyonzwa. Maziwa nayo hayasaidii. Sikuambii uache chai, mtu wa Mombasa ataachaje chai! Nakuambia uisogeze. Kula mbaazi zako, subiri saa nzima, ndipo unywe. Mahali pa chai weka kitu chenye vitamini C, inayofanya kazi kinyume cha tanini: chungwa, pera, embe, au ndimu iliyokamuliwa juu ya kachumbari pale pale mezani. Ukiikamua ndani ya sufuria inayochemka, moto unaila ile vitamini.

Kuhusu bitiruti. Binti mmoja alinijia na chupa ya maji ya bitiruti, midomo imekuwa myekundu, akaniambia ameyanywa siku tatu mfululizo ili damu ipande. Mashine ikasoma 11.4. Nilimwonea huruma kwa jitihada yake. Wekundu wa bitiruti ni rangi ya mmea, na chuma chake ni kidogo. Dagaa wa shilingi hamsini na kachumbari yenye ndimu wangemfaa zaidi, na siku tatu hazitoshi kwa chakula chochote kile. Damu hujengwa kwa wiki.

Na kama wewe ni mla udongo, au una hamu ya kutafuna barafu mchana kutwa, usione haya kulisema. Hamu hizo mara nyingi ni mwili ulioishiwa chuma unaopiga kelele. Udongo wenyewe huzuia chuma kufyonzwa na unaweza kuleta minyoo, basi anayeula kwa kukosa chuma huzidi kukikosa.

Hatua ya tatu: siku yenyewe

Kula. Usije na njaa ukidhani damu itakuwa safi zaidi. Kunywa maji tangu usiku, na asubuhi ongeza bilauri mbili au dafu, hasa miezi ya kaskazi, joto linapotukausha kabla hata hatujatoka mlangoni. Mtu aliyekauka maji anaweza kusomeka na namba nzuri ya uongo, kwa sababu damu yake imekuwa nzito, kisha huyo huyo ndiye anayezimia kitandani.

Usitafune miraa wala muguka kabla ya kuja. Mapigo ya moyo hupanda na presha nayo, na meza ya pili watakurudisha hata kidole hujafika.

Mwezi wa Ramadhani, aliyefunga asubiri baada ya futari. Hospitali hazifungi milango mwezi huo, kina mama wanajifungua na watoto wenye siko seli wanahitaji damu vile vile, kwa hivyo mchangiaji wa usiku ni mtu wa thamani sana. Thamani hiyo hiyo anayo kila anayekuja wakati shule zimefungwa, maana wanafunzi wa sekondari ndio wanaojaza sehemu kubwa ya mifuko yetu, na wakienda likizo friji huonekana tupu.

Mahali pa kwenda, kama hakuna kambi mtaani kwenu, ni kituo cha damu cha kanda, katika hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ile ambayo wazee bado huiita Makadara. Beba kitambulisho.

Hatua ya nne: fomu

Utaulizwa maswali ya faragha kuhusu dawa, safari, wapenzi, sindano. Jibu kweli, hata kama aliyekuleta ni bosi wako au shemeji yako amesimama mlangoni. Maabara ni hodari, lakini virusi vikiwa vichanga mwilini kuna siku ambazo kipimo hakivioni, na katika siku hizo kinga pekee ya mgonjwa ni jibu lako. Ukitaka kujua hali yako ya virusi vya ukimwi, nenda kapime. Kupima ni bure katika vituo vya serikali. Usitumie mfuko wa damu kwa kazi hiyo. Na ukiona huwezi kusema ukweli pale, sema unaumwa kichwa uende zako. Hakuna atakayekufuata.

Hatua ya tano: kidole

Sasa umefika kwangu. Kaa, usisimame. Kama mikono ni baridi kwa sababu umetoka chumba chenye kiyoyozi, isugue kwanza, damu ishuke kwenye ncha. Mimi huchagua kidole cha kati au cha pete, mkono usioutumia sana, na hutoboa ubavuni mwa ncha, kwani katikati ndipo unaposhikia kalamu na simu na ndipo panapouma zaidi. Nasafisha kwa spiriti, nasubiri ikauke. Spiriti mbichi ikichanganyika na damu, kipimo kimeharibika.

Tone la kwanza nalifuta. Hapa watu hushtuka: "Sista, mbona waitupa damu yangu?" Tone la kwanza lina majimaji ya ngozi. Nataka la pili au la tatu, litoke lenyewe, nene, la duara. Ndiyo maana sikikamui kidole. Ukiona mhudumu anakubana kidole mpaka kinakuwa cheupe, mwombe kwa adabu atoboe upya, kwa sababu kukamua hutoa maji ya mwilini, damu huwa nyepesi, na unaweza kurudishwa kwa namba isiyokuwa yako.

Kutoka hapo kuna njia mbili. Ya mashine ni rahisi: kijikopo bapa cha plastiki, kidogo kama ukucha, hunyonya mikrolita 10 hivi za damu, kinaingizwa, na namba inatokea muda mfupi baadaye.

Ya pili ni ya zamani nami naipenda. Ni maji ya mrututu, chumvi ya shaba, yale ya buluu. Ilienea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa kazi ya wanasayansi wa Marekani, Phillips na Van Slyke, waliotaka kipimo ambacho kingeweza kufanyika palipo na majeruhi, bila mitambo. Mrututu huchanganywa mpaka uzito wake uwe mara 1.053 ya uzito wa maji, na huo ndio uzito wa damu yenye hemoglobini ya 12.5. Tone linaangushwa kutoka juu kidogo. Linapogusa maji hujivika ngozi nyembamba ya hudhurungi, likawa kama shanga, na kwa sekunde kadhaa haliyeyuki. Ikiwa hemoglobini inatosha, shanga hiyo ni nzito kuliko maji na inashuka mpaka chini ndani ya sekunde 15. Ikiwa haitoshi, inasitasita katikati, au inazama kidogo kisha inapanda. Nimeona wanaume wazima wakishika pumzi wakiitazama.

Mrututu una udhaifu wake. Kiputo cha hewa ndani ya tone hulifanya lielee hata kama damu ni nzuri, na maji yakitumika kwa watu wengi mno hupoteza kipimo. Chupa ya mililita 30 ni ya kubadilishwa baada ya matone 25 hivi. Kwa hivyo tone lako likielea, una haki ya kuomba upimwe tena kwa mashine. Mrututu hujibu ndiyo au la peke yake, haukupi namba, na namba ndiyo unayoihitaji.

Hatua ya sita: soma namba yako

Usiondoke bila kuijua. Iulize, iandike kwenye simu.

Ukiwa na 12.5 au zaidi, umepita. Mwanamke mwenye kati ya 12.0 na 12.4 hana upungufu wa damu, kwani kwa mwanamke asiye mjamzito upungufu huhesabiwa chini ya 12.0, ila ukimtoa mililita 450 utamsukuma uingie humo. Huyu namwambia arudi baada ya miezi miwili ya kula vizuri, na mara nyingi hupita.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wanaume wenye 12.6 au 12.7. Mstari wamevuka, lakini upungufu kwa mwanamume huanzia chini ya 13.0. Mwanamume hapati hedhi wala hazai. Damu yake ikishuka, kuna mahali inakwenda, au kuna kitu kinaizuia isitengenezwe. Kama wewe ni huyo, mimi ningekushauri usitoe leo, ukatafute sababu kwanza. Mara nyingi ni vidonda vya tumbo, au dawa za maumivu za kila siku, zile wanazomeza vijana wa mizigo pale Kongowea ili mgongo uwaruhusu kufanya kazi.

Namba ikiwa chini ya 10, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Kama unaishiwa pumzi kwa kupanda ngazi tu, au moyo unakwenda mbio umekaa, usingoje kesho.

Hatua ya saba: ukirudishwa

Nilipokuwa kijana, kabla sijaifanya kazi hii, nilirudishwa kwenye kambi moja hapa kisiwani. Mhudumu alitazama mashine, akasema "damu yako ndogo, anayefuata", akageuza uso. Nilitembea mpaka nyumbani nikiamini nina ukimwi. Miezi mitano nilikaa na hofu ile bila kumwambia mtu, na kumbe nilikuwa na minyoo na hedhi nzito. Ndiyo sababu hatua hii naiandika kwa urefu.

Nenda zahanati na ile namba uliyoandika, uombe kipimo kamili cha damu. Kitaonyesha hata umbo la seli zako, kama ni ndogo na zimepauka, dalili ya chuma kupungua. Omba na choo kipimwe. Huku Pwani minyoo ya safura bado ipo. Hujishika utumboni na kunyonya damu kidogo kidogo, na si bure kwamba neno safura kwa wazee wetu lilikuwa jina la minyoo na la upungufu wa damu pia. Kama ulikulia au unalima upande wa Kwale au Kilifi na uliogelea mabwawani, omba na mkojo upimwe kichocho.

Mwanamke aeleze hedhi yake kwa vitu vinavyohesabika: pedi ngapi kwa siku, siku ngapi, kama kunatoka mabonge, kama huamka usiku kubadilisha. "Ni ya kawaida" haimsaidii daktari. Wengi wameiona nyumbani kwao tangu wakiwa wasichana, mama na dada wote hivyo, wakaiita kawaida hedhi inayowamaliza.

Ukiandikiwa vidonge vya chuma, umeze kwa maji yenye ndimu, mbali na chai na maziwa. Choo kitakuwa cheusi. Usiogope, ni chuma kilichobaki. Tumbo likisumbua, rudi kwa daktari akupangie namna nyingine, usiviache kimya kimya. Kwa mtu aliyepungukiwa kweli, namba huanza kupanda ndani ya wiki tatu au nne, lakini vidonge huendelea kama miezi mitatu baada ya namba kuwa sawa, ili akiba nayo ijae. Na viweke juu kabatini. Vinafanana na peremende, na vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Lakini usivinunue kwa kujikisia. Watu wengi wa Pwani wamezaliwa na chembe za siko seli, yaani wameirithi kwa mzazi mmoja tu bila kuugua, au thalasemia ya alfa, urithi ulioenea huku kwa sababu uliwakinga mababu zetu na malaria kali. Thalasemia hii huweza kuishusha hemoglobini kidogo maisha yote bila chuma kupungua, na chuma cha ziada hakimsaidii mtu huyo. Mwenye ugonjwa wenyewe wa siko seli hatoi damu. Mwenye chembe tu, aliye mzima, mara nyingi anaruhusiwa, ila aseme, kwa sababu damu yake haipewi watoto wachanga.

Hatua ya nane: ukipita

Kutoa kwenyewe ni kama dakika kumi. Baadaye kaa, kunywa soda au juisi uliyopewa, usione haraka. Usipande bodaboda saa hiyo, usibebe mzigo kwa mkono uliotobolewa, na kama unarudi Likoni usiingie kwenye msongamano wa feri mpaka uwe umekaa nusu saa. Ukisikia kizunguzungu kule ndani, chuchumaa hapo hapo. Watu watakupisha.

Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili. Chuma ndicho kinachochelewa. Mfuko mmoja huondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili hufyonza miligramu moja au mbili tu kwa siku kutoka kwenye chakula. Gawanya mwenyewe uone ni siku ngapi. Miezi mitatu au minne hiyo itumie kula ulivyokula kabla, na chai ibaki kule ilikosogezwa.

Kila ukitoa, andika namba ya kidole nyuma ya kadi yako pamoja na tarehe. Mchangiaji wangu mmoja, mama wa Kisauni, ana kadi inayosoma 13.6, kisha 13.1, kisha 12.7. Mara zote tatu alipita. Tulipoiangalia kadi pamoja nilimwomba aruke zamu moja, akapime akiba ya chuma, arudi mwezi wa saba.